Waraka wa Wazi kwa Mhifadhi wa Ngome ya Yesu: Wapeni Wasichana Chumba, Mizani na Maji ya Bahari

Kwa Mhifadhi Mkuu,
Makumbusho ya Ngome ya Yesu,
Mombasa.

Nakala: Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti Ndogo ya Mvita.

Mheshimiwa,

Naandika kuomba chumba. Siombi ukumbi wa maonyesho wala pahala pa hafla. Naomba chumba kimoja chenye meza imara, mfereji wa maji, sinki na madirisha ya kupitisha hewa, alasiri moja kila wiki, kwa ajili ya wasichana wa Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 wanaosoma katika shule za kisiwani. Humo wafanye sayansi kwa mikono yao wenyewe, na vitu vya kufanyia viwe vya aina ile ile ya ngome hiyo: jiwe kama lake, chokaa kama yake, chuma kama chake, maji ya kisima chake na bahari iliyo chini yake.

Nimeuandika waraka huu hadharani kwa sababu haja hii si ya nyumba yangu pekee. Kila mzazi wa Mji wa Kale, wa Kibokoni, wa Makadara, wa Majengo na wa Tudor aliye na binti wa umri huo anaijua, hata kama hajaipa jina.

Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, serikali iliamua wanafunzi hao wabaki ndani ya shule za msingi. Wengi wetu tulishukuru, maana mtoto wa miaka 12 hakulazimika kupelekwa mbali na kwao. Lakini shule za msingi hazikujengwa zikiwa na maabara, na maabara haijengwi kwa tangazo. Katika shule nyingi somo la sayansi linafundishwa kwa chaki. Mwalimu huchora chupa ubaoni, akachora moto chini yake, akaandika kinachotokea, na watoto wakanakili. Mwalimu mwenyewe mara nyingi ni mmoja anayebeba masomo kadhaa, na simlaumu. Kisha mwanafunzi huyo hufika Gredi ya 9 na kufanya mtihani wa kitaifa uitwao KJSEA. Kundi la kwanza liliufanya mwishoni mwa 2025, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10 likiwa limekwisha kugawanywa katika njia tatu: ya kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya pili ni sayansi za jamii; ya tatu ni sanaa na michezo. Wizara imesema inatarajia kiasi cha asilimia 60 ya wanafunzi wafuate ile njia ya kwanza. Kwa hiyo msichana wa miaka 14 anaambiwa achague kitu ambacho hajapata kukigusa. Asipokichagua, tunasema wasichana hawapendi sayansi.

Nimefundisha somo hili kwa sehemu kubwa ya umri wangu, wavulana na wasichana wakiwa darasa moja, na nataka niseme wazi kwa nini naomba kwa ajili ya wasichana kwanza. Pale ambapo vifaa vipo, huwa ni seti moja kwa kundi zima la watoto. Mvulana mmoja huishika mizani, wa pili huwasha jiko, na msichana mwenye mwandiko mzuri hufanywa karani. Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemtukana. Ameandika kazi yote, ripoti ni safi, alama amepata. Ila mkono wake haukumimina kitu, haukukosea kipimo, haukuunguza hata kidole. Akiendelea hivyo kwa miaka mitatu, atakuwa na daftari zuri na hofu kubwa ya maabara. Wakikaa wasichana peke yao mezani, hakuna karani wa kuteuliwa. Kila mmoja itambidi ashike.

Sasa niseme kwa nini nimekuja kwenu na sikwenda kwingine.

Nianze na jiwe. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe uliojengwa na viumbe hai wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Wareno walipoijenga ngome kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu Mtaliano aliyekuwa akiutumikia ufalme wao huku Mashariki, waliisimamisha juu ya mwamba huo na kuinua kuta kwa mawe ya matumbawe. Kilichoyaunganisha mawe ni chokaa, na chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Ukuta mzima, basi, ni somo moja la kemia lililosimama juani kwa zaidi ya miaka 400, nasi tunalipita tukielekea sokoni.

Mpe msichana kipande cha tumbawe kutoka kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa, pamoja na ndimu iliyokatwa. Maji ya ndimu yakidondoka juu ya jiwe, litatoa povu. Hapo walimu wengi huishia, wanafunzi wakashangilia, kengele ikalia. Mimi nataka aendelee. Alipime jiwe kabla na baada ya kulitia ndimu, alikaushe vizuri kati ya vipimo hivyo, aandike limepungua gramu ngapi, kisha ajiulize kile kilichopungua kimekwenda wapi. Mwenzake ajaribu na kokoto nyeusi ya barabarani, asione povu, na wabishane kwa nini. Wakikubaliana kwamba hewa imetoka ndani ya jiwe, wamepata jambo ambalo kitabu kingewaambia kwa mstari mmoja wakausahau. Tena watakuwa karibu sana na swali kubwa la zama zao. Bahari inameza sehemu ya hewa ya kaboni inayotoka kwenye magari na viwanda, na kwa kuimeza inazidi kuelekea upande wa asidi. Matumbawe yaliyo hai ng'ambo ya Nyali yatajijenga vipi katika maji hayo?

Kisha chokaa. Wazee wa pwani walipanga magogo na mawe ya matumbawe, wakachoma mpaka jiwe likapoteza ile hewa yake. Kilichobaki walikizima kwa maji, kikatoa joto kali bila kuwashwa. Chokaa ambayo haijazimwa ni hatari kwa ngozi na macho, na hapo ningependa fundi au mwalimu pekee ndiye aishike, wasichana wakiwa mbali na wamevaa miwani ya kukinga macho. Lakini chokaa iliyokwisha kuzimwa inaweza kuwekwa kidogo ndani ya maji, ikaachwa itulie usiku kucha, na maji maangavu ya juu yakamiminwa kwenye glasi. Msichana akipuliza humo polepole kwa mrija, bila kuvuta, maji yatageuka kuwa kama maziwa. Ile hewa iliyotoka mapafuni mwake imekutana na chokaa, na vumbi jeupe linaloshuka chini ya glasi ni jiwe lile lile lililochomwa tanuuni, limerudi. Hivyo ndivyo ukuta wa ngome ulivyokauka na kuwa mgumu: kwa kunywa hewa, mwaka baada ya mwaka.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wenu wanalijua kuliko mimi, nalo linagusa kila nyumba ya mtaa wa Ndia Kuu. Nyumba ya zamani ya matumbawe ikitengenezwa kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani ya ukuta, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta, na baada ya muda jiwe humomonyoka. Chokaa huuacha ukuta upumue. Wenye nyumba wengi hawaamini, kwa sababu saruji inaonekana kuwa na nguvu. Waacheni wasichana walijaribu. Wachukue vipande viwili vya tumbawe, kimoja kipakwe chokaa, cha pili saruji, vyote visimamishwe ndani ya beseni la maji ya bahari kwa muhula mzima, na kila wiki wapime, wachore, waandike chumvi imetokea wapi. Sitasema hapa wataona nini. Ila najua kwamba msichana aliyeyaona hayo kwa macho yake atakwenda nyumbani amwambie babake kabla hajamwita fundi wa saruji, na kazi ya kuuhifadhi Mji wa Kale itakuwa imepata mtetezi ambaye hamkumlipa.

Jambo la pili ambalo hakuna shule yoyote nchini inayoweza kuwapa ni meli. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome, manowari ya Kireno Santo António de Tanna ilizama hapo chini, mbele ya kuta. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wanaakiolojia, wakiongozwa na Robin Piercy wa taasisi ya akiolojia ya majini iliyoko Texas, pamoja na Makumbusho ya Kitaifa, waliichimbua na kuleta juu maelfu ya vitu. Mwili wa meli ukapimwa, ukachorwa, ukafunikwa tena chini ya bahari. Vitu vilivyotolewa vilihitaji kutibiwa, na kwa ajili hiyo maabara ya uhifadhi ikawekwa humo ngomeni. Wageni wanakiona chungu ndani ya kabati la kioo, wakasoma maandishi, wakaondoka. Ni wachache wanaojua kwamba chungu hicho kingekaushwa tu siku kilipotoka majini, chumvi iliyoingia ndani yake ingeganda na kuufumua uso wake vipande vipande. Kililazimika kulazwa katika maji baridi, maji yakabadilishwa tena na tena, mpaka chumvi ikaisha.

Kazi hiyo msichana wa Gredi ya 8 anaiweza. Hagusi chungu cha Wareno. Anachukua vigae vya chungu cha maua kilichovunjika, anavizamisha kwenye maji ya bahari kwa wiki kadhaa, kisha kimoja anakikausha moja kwa moja na kingine anakisafisha kwa kubadilisha maji. Mita ndogo ambayo kila fundi wa umeme anayo itamwonyesha jinsi maji ya kusafishia yanavyozidi kuwa kipitishi hafifu cha umeme kadiri chumvi inavyopungua. Atachora mstari wa vipimo vyake kwenye karatasi ya miraba. Mstari huo utashuka haraka mwanzoni, halafu polepole, na atajifunza subira ya kazi ya uhifadhi, ambayo hakuna hotuba inayoweza kuifundisha.

Chuma nacho kina habari yake. Ili kukiokoa chuma kilichokaa baharini, wahifadhi hukilaza ndani ya maji yenye magadi, wakapitisha umeme mdogo, chumvi ikahama kutoka kwenye chuma kuingia majini. Shaba nayo hutibiwa kwa maji ya magadi ya aina ile ile inayochimbwa kwetu Ziwa Magadi. Mama zetu huyatia magadi kwenye sufuria ya maharage. Binti aliyekulia jikoni amekwisha kuyashika, ameuonja ukali wake, anajua yakizidi chakula kinaharibika. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kile kilicho kwenye mkebe wa nyanyake kimo pia kwenye beseni la mhifadhi wa makumbusho, kisha ampe betri, waya na msumari wenye kutu ajaribu.

Naomba nieleweke vyema hapa. Siko pamoja na wale wanaosema msichana afundishwe sayansi ya jiko na urembo kwa kuwa ndiyo inayomfaa. Msichana apewe mzinga, mawimbi na mifupa ya nyangumi iliyo humo ngomeni kama apewavyo mvulana. Lakini sioni sababu ya kumfanya aache mlangoni ujuzi aliokuja nao. Binti wa Mombasa anajua kwamba hina ikandwapo kwa ndimu na kuachwa hutoa rangi iliyoiva. Anajua pia kwamba piko, ile rangi nyeusi ya nywele ambayo siku hizi bi harusi huchorwa nayo mikononi, imewachoma wengine mpaka wakatoka malengelenge. Hilo ni somo la kemia lenye damu ndani yake. Ndani ya piko mna kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, ambayo mwili wa mtu unaweza kuikataa leo au baada ya kuitumia mara kadhaa, na aliyekwisha kudhurika nayo mara moja hudhurika tena kila aigusapo. Wasichana wakilijua hilo kwa kuchunguza, kusoma vibandiko vya paketi na kulinganisha, watalindana wao kwa wao kuliko tutakavyowalinda sisi kwa makemeo.

Maji sasa. Ngome ina kisima na birika la kuvunia maji ya mvua, na katika mzingiro wa 1696 hadi Desemba 1698, Waomani walipoizingira ngome, maji na maradhi viliamua mengi kuliko mizinga. Wengi wa waliokufa ndani waliuawa na magonjwa. Leo nyumba nyingi za kisiwani bado zinategemea visima, na mfereji ukikauka tunanunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Kwa kanuni hiyo tu, msichana mwenye futi na karatasi anaweza kupima eneo linalomwaga maji kwenye birika, akahesabu mvua ya masika ingejaza kiasi gani, na watu wangapi wangekunywa kwa siku ngapi. Kisha arudi nyumbani afanye hesabu hiyo kwa paa la kwao.

Tena alete chupa ya maji ya kisima cha mtaani kwao. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Wakipima maji ya visima vyao kwa kuyachemsha yakauke na kuipima chumvi iliyobaki, wakaandika kwenye ramani ya kisiwa, wataona bahari imeingia ardhini umbali gani na mitaa gani imeathirika zaidi. Ramani hiyo itakuwa ya haja kwa mji huu. Nasema hivyo kwa dhati. Hesabu za watoto, zikifanywa kwa uangalifu na kurudiwa, zina thamani kwa watu wazima, na mtoto anayejua kazi yake inatumika haifanyi ovyo.

Kuhusu bahari sitasema mengi, maana ipo hapo. Bamvua la Mombasa huipandisha na kuishusha bahari hadi karibu mita 4, na maji mafu yakija tofauti hiyo hupungua sana. Wavuvi hawahitaji kuambiwa. Mabinti zao wanahitaji kupima. Mti wenye alama za sentimita usimamishwe chini ya ukuta, mahali salama palipochaguliwa na watu wenu, wasichana wakasome maji yaliposimama, saa ngapi, mwezi ukiwa wa siku ngapi, kisha walinganishe na jedwali linalotolewa na Halmashauri ya Bandari. Ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa miaka ya karibuni kuuokoa mwamba wa ngome usiliwe na bahari nao ungepata watu wa kuuangalia kila wiki.

Wapo watakaosema haya ni ndoto, watoto wetu hawana vifaa. Katika miaka ya 1960 Afrika ilikuwa na mpango wa sayansi kwa shule za msingi, Kenya ikiwamo, uliofundisha kwa wadudu wa mchangani, vioo, balbu, mizani ya kutengenezwa na vitu vingine vya kuokota. Mtaalamu wa elimu Eleanor Duckworth aliutathmini hapa Kenya kwa njia nzuri: aliwaweka watoto chumbani na vitu hivyo, akatazama wanafanya nini. Waliozoea mpango ule walibuni kazi nyingi zaidi na zenye undani zaidi kuliko wenzao. Na mwaka 1963, tulipopata madaraka, huko Magamba nchini Tanganyika mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba aliona maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyatia kwenye friji yakiwa moto, yameganda kabla ya yale ya mwenziwe. Alidhihakiwa kwa kuuliza. Baadaye akamwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza katika shule nyingine aliyohamia, na Osborne akalichukua swali, akalijaribu, wakaandika pamoja makala iliyochapishwa 1969. Hadi leo wanafizikia duniani wanabishania jambo linaloitwa kwa jina la kijana huyo.

Nikilisoma jambo la Mpemba hufikiria majumba yetu. Mombasa, ni nani anayetia sharubati ya ukwaju na ubuyu kwenye vifuko na kuvipanga ndani ya friji ili viuzwe mlangoni? Wasichana. Ni mambo mangapi wameyaona yakiganda kwa namna wasiyoitarajia, na hakukuwa na Osborne wa kumwuliza?

Akina Osborne wapo, na baadhi yao ni wanawake. Ng'ambo ya maji, Mkomani, iko Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Kutoka Mji wa Kale unaitazama moja kwa moja. Dkt. Jacqueline Uku, mtafiti wa taasisi hiyo na bingwa wa nyasi za baharini, amewahi kuwa rais wa chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari Hindi. Dkt. Nyawira Muthiga ameyachunguza matumbawe ya pwani hii kwa miongo kadhaa. Ndani ya Makumbusho ya Kitaifa kwenyewe mnaye Caesar Bita, mtaalamu wa akiolojia ya chini ya maji. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Hawa wakiombwa kuja mara moja kwa muhula, si kutoa hotuba bali kukaa mezani na kushika kazi pamoja na watoto, sidhani wote watakataa. Tangu 2014 UNESCO na serikali yetu wamekuwa wakiandaa kambi za sayansi kwa wasichana wa sekondari. Nazisifu kambi hizo. Lakini kambi huisha na msichana hurudi kwenye chaki. Alasiri moja ya kila wiki, mwaka mzima, karibu na nyumbani, itafanya kazi ambayo kambi haiwezi.

Najua mna wasiwasi wa haki. Ngome iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na hakuna anayetaka watoto wakwangue kuta. Ndiyo maana nimesema vifusi vya nje na vigae vya chungu cha maua. Hakuna kitakachobanduliwa, hakuna kitu cha kabatini kitakachoguswa. Mawe ya kujaribia yatoke kwa mafundi wanaojenga mtaani, nao huyatupa bure. Asidi kali hazihitajiki. Ndimu na siki zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Najua pia Idara yenu ya Elimu hupokea mabasi ya shule, tena kwa ukarimu. Ziara ile ibaki. Hii ni kazi nyingine, yenye watoto wachache wanaorudi kila wiki mpaka walinzi wa langoni wawajue kwa majina.

Yako pia mambo ya mila na ratiba ambayo mradi usipoyatazama utakufa kabla ya muhula wa pili. Mabinti wengi wa hapa huenda madrasa baada ya shule na mwisho wa wiki. Walimu wa madrasa waulizwe kwanza, waheshimiwe, wahusishwe katika kupanga siku. Ijumaa alasiri naiona kuwa ndiyo nyepesi zaidi, lakini wao ndio waseme. Kazi iishe mapema, kila mtoto afike kwao kabla ya magharibi. Mtandio ufungwe kwa pini ndani ya aproni kabla ya kuwasha moto wowote. Choo cha wasichana kiwe wazi, kiwe safi, kiwe na maji. Mwanamke mmoja mtu mzima awepo tangu mwanzo hadi mwisho. Kina mama wakiyaona hayo hawatahitaji kushawishiwa, na pengine wengine watakuja kukaa na kutazama, nao pia wakaribishwe.

Kuhusu gharama, tunachoomba kwenu ni chumba, maji, msamaha wa kiingilio kwa wasichana waliosajiliwa na muda wa mtaalamu mmoja wa uhifadhi mara moja kwa mwezi. Mizani ya jikoni inayosoma gramu, glasi, mirija, miwani ya kukinga macho, glavu, betri na nyaya tutavitafuta sisi wazazi, kwa michango na kwa wafanyabiashara wa Biashara Street na soko la Marikiti ambao hawajawahi kuikataa harambee ya kweli. Walimu wastaafu wa sayansi tumo, na baadhi yetu tumekubaliana kujitolea. Tuanze na wasichana 24, wanane kwa kila gredi, watatu watatu mezani, wachaguliwe na shule zao bila kuangalia alama. Nalisisitiza hilo la alama. Mwenye alama za juu atafika maabara siku moja kwa njia yoyote. Namtaka yule wa katikati, anayekaa karibu na dirisha na hajaulizwa swali tangu muhula uanze.

Mwisho wa mwaka wasichana waeleze walichokipata mbele ya wazazi, walimu na ofisi yako, humo humo ngomeni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wakiwa na vipimo vyao mkononi. Yaliyokwenda kombo nayo wayaeleze. Hapo ndipo tuamue kama mradi uendelee, upanuliwe hadi Likoni, Kisauni na Changamwe, au urekebishwe.

Tunaomba kuonana nawe kabla muhula ujao haujaanza, siku yoyote itakayokufaa, baada ya swala ya alasiri. Tutakuja watu wanne: wazazi wawili, mwalimu mmoja wa Gredi ya 7 hadi ya 9 na mimi. Orodha ya vifaa na mpango wa wiki kumi za kwanza tumekwisha kuviandika, na tutakuja navyo.

Wako kwa heshima,
Mwalimu mstaafu wa sayansi na mzazi,
Mji wa Kale, Mombasa.